Kadi Haisomi: Kitenzi cha Kiswahili Mikononi mwa Fundi wa Kompyuta



Nilipoulizwa mada ya mhadhara huu nilijibu kwamba nitazungumzia namna ya kuongeza kadi katika kompyuta pakato, na aliyeniuliza akanyamaza kidogo, nadhani akijiuliza kama nimekosea idara. Sikukosea. Ninakusudia kuonesha kwamba katika kazi hiyo ndogo ya mikono Kiswahili kimefanya jambo la kisarufi ambalo sisi wanaisimu hatukulitazama vya kutosha, na ambalo mimi binafsi niliwahi kulifuta kwa kalamu nyekundu.

Kwa muda mrefu uundaji wa istilahi za kompyuta umekuwa, kwa sehemu kubwa, uundaji wa nomino. Tumebishana kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Tumepata kipakatalishi, neno ninalolipenda kwa sababu ndani yake kuna kitenzi pakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Tumepata ubaomama na kishikwambi. Kazi hiyo si ya kubezwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi ya Jambo mwaka 2004, ulilazimika pia kuchagua vitenzi vya menyu, na vitenzi kama hifadhi, fungua na funga vimeshika mizizi. Hata hivyo, vitenzi hivyo ni vya mtu aliyekaa mbele ya skrini. Vya mtu aliyeshika bisibisi hatukuviuliza.

Mwaka 2005 nilikuwa Bariadi, nyumbani. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Nilikuwa na kompyuta pakato kuukuu iliyotumia Windows 95, na ndani yake saa tatu za sauti ya marehemu shangazi yangu akitega vitendawili na kutaja rangi za ng'ombe kwa Kisukuma. Kaseti za asili sikuwa nazo tena. Nilikuwa nimerekodi mambo mengine juu yake, kwa ubahili ambao sijajisamehe. Diski ya kompyuta ikaanza kugonga. Mwenye kuijua sauti hiyo anajua maana yake.

Saa tatu hizo zilichukua karibu megabaiti 480. Kwa disketi za megabaiti 1.44 ningehitaji zaidi ya 300. Mashine haikuwa na tundu la USB. Kilichokuwapo ni tundu pana ubavuni, la kadi ya aina iliyoitwa PCMCIA, kwa jina la chama cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1989 kusanifisha kadi hizo. Ukubwa wake ni kama kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54. Unene ni milimita 3.3, 5 au 10.5, na ndani ya tundu husimama pini 68. Nilikuwa nimenunua Mwanza kadi ya kuongezea matundu ya USB, nikaipeleka kwa fundi kijana wa redio na simu karibu na stendi. Nikiwa na haraka ya msomi, nikaanza kuisukuma mwenyewe.

“Mwalimu, usiilazimishe,” akasema. “Hiyo haiingii. Tundu siyo lake.”

Alinionesha ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu kwenye ukingo wa kadi. Ulikuwa alama ya CardBus, kizazi cha mwaka 1995, kinachotumia biti 32 na umeme wa volti 3.3. Mashine yangu ilikuwa ya biti 16 na volti 5, na umbo la kadi mpya limetengenezwa makusudi lisiingie katika tundu la zamani. Ningeendelea kusukuma, ningepinda pini, na sauti ya shangazi ingebaki humo humo. Siku mbili baadaye basi la Mwanza lilileta kadi nyingine, ya biti 16, yenye nafasi ya kupokea kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya megabaiti 512. Niliipeleka taratibu safari hii, hadi ikagota.

“Imeingia,” akasema fundi, “lakini haijakaa.”

Akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka kitufe cha kutolea kikachomoza pembeni. Mashine ikatoa mlio. Kijana akainama, akatazama skrini, akasema: “Sasa imesoma.”

Nakili ilichukua zaidi ya nusu saa, nami sikuinuka. Diski ilikufa kabla ya mwezi kwisha. Lakini niliporudi chuoni, kilichonikosesha usingizi hakikuwa diski. Kilikuwa vitenzi vile vitatu.

Tuvitazame. Cha kwanza, kuingia, hakina utata: umbo linaafikiana na umbo, au haliafikiani. Kwa tendo la fundi mwenyewe lugha ina jozi yake ya kale, chomeka na chomoa, iliyo sawa na bandika na bandua, funika na funua, anika na anua. Thilo Schadeberg, katika sura yake ya mwaka 2003 kuhusu unyambulishaji katika lugha za Kibantu, anatenganisha kiambishi hiki cha kuweka kitu mahali pake na kile cha kutendeka, ingawa maumbo yake yanafanana. Ndiyo maana “nyama hii inachomeka” na “anachomeka kadi” hazina uhusiano wa kisarufi tunaoufikiria kwa haraka. Na mnaotaka kuona l ya kale iliyopotea katika chomoa, ongezeni kauli ya kutendea: chomolea. Imerudi.

Cha pili ni kukaa. Nilidhani fundi alikuwa ametumia sitiari ya papo hapo. La. Mshonaji husema shati limemkaa mtu. Seremala husema mlango haujakaa. Ni kitenzi cha ufundi cha zamani, chenye maana ya kitu kufika mahali pake kikagusana na mwenzake pote panapostahili. Katika kadi, maana hiyo ni ya kiumeme: pini 68 zote zimeshika. Istilahi tuliyoisanifisha kwa shughuli nzima ni sakinisha, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana hiyo hiyo ya kukaa. Tulikwenda mbali kulichukua jambo lililokuwa uani kwetu, kisha tukalifanya neno moja libebe hatua zote tatu, za kifaa na za programu pia. Msomaji wa maelekezo akiambiwa “sakinisha kadi” hajui kama ashike bisibisi au kipanya.

Cha tatu ndicho kilichonifikisha hapa. “Imesoma.” Nani amesoma? Kadi na mashine zote ni za ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo kipatanishi hakisaidii. Mwanasarufi mwenye tahadhari atasema kiima ni mashine: imeisoma kadi, na yambwa imeachwa. Lakini sikilizeni mitaani: “flashi haisomi”, “laini haisomi”. Msemaji ameshika laini mkononi, ndiyo anayoilalamikia. Kifaa kinachosomwa kimekuwa kiima cha kitenzi cha kutenda, bila -w- ya kutendwa wala -ek- ya kutendeka.

Wapo watakaosema ni kosa. Mimi nilisema hivyo. Lakini Kiswahili kinasema pia “shule zimefungua” na “duka limefunga”, na hatumsahihishi mzazi anayetafuta sare ya mtoto. Jambo la kuuliza ni kwa nini msemaji anazikwepa kauli mbili alizonazo. Nafikiri jibu ni hili. “Haisomeki” ingemaanisha kwamba maandishi yake hayatambuliki, kama mwandiko mbaya. Lawama ni ya kadi. “Haisomwi” ingemdokeza msomaji anayeshindwa au asiyetaka. Lawama ni ya mashine. Fundi, katika hatua ile, hajui bado tatizo liko wapi. “Haisomi” inataja uhusiano uliovunjika kati ya viwili bila kumtia yeyote hatiani. Ni kauli ya uchunguzi usiokwisha, na sijaona kitabu chetu cha sarufi kilichoipa fasili.

Mtasema kadi hizo zimekwisha kupitwa. Ni kweli, ExpressCard ya mwaka 2003 iliyoshika nafasi yake nayo imetoweka, na leo kadi ya kompyuta pakato mara nyingi ni ya M.2, upana milimita 22, imefichwa chini ya kifuniko. Betri huzimwa kwanza, mkono hugusa chuma ili kuondoa umeme tuli, kadi huchomekwa kwa mshazari, hulazwa, kisha skrubu hukazwa. Laza, kaza: vitenzi vimeongezeka. Lakini hatua tatu zimebaki, na sasa zina thamani zaidi. Ipo kadi ya kuhifadhia data ya mfumo wa SATA yenye pengo mbili ukingoni, ambayo huingia katika tundu lililokusudiwa mfumo wa NVMe peke yake. Inaingia, inakaa, skrubu inashika, nayo haisomi. Hakuna kilichoharibika: kadi ni nzima, na mashine ni nzima. Anayefundishwa kwamba kadi “imesakinishwa” atatafuta kosa ambalo halipo; anayejua tofauti ya kukaa na kusoma anajua aulize nini.

Nilisema kwamba niliwahi kulifuta jambo hili. Mwaka 2002, miaka mitatu kabla ya safari ile, nilisimamia tasnifu ya uzamili kuhusu lugha ya mafundi wa vifaa vya elektroniki jijini Dar es Salaam. Mwanafunzi alikuwa amekusanya sentensi nyingi, na kote nilikokuta “haisomi” nilimwandikia “haisomwi”, pembeni nikaongeza: lugha ya mtaani. Mojawapo naikumbuka kwa sababu nilibishana naye juu yake: “kidude hakisomi”. Tazameni kipatanishi. Ki-. Si mashine hiyo. Ni kidude chenyewe, kadi yenyewe, ndiyo kiima. Ithibati ambayo sentensi ya fundi wa Bariadi haikuweza kunipa ilikuwa mezani kwangu tayari, nami nikaipiga mstari.

Mwanafunzi alitii, akahitimu. Nakala iliyo maktabani ni ile niliyoisahihisha. Nilipomtafuta baadaye, aliniambia kwa upole kwamba daftari zake za ukusanyaji alikwisha kuzitupa alipohama nyumba. Saa tatu za shangazi ninazo hadi leo, zimekwisha kuhamishwa mara nne kutoka kifaa hadi kifaa. Sentensi zile za mafundi hazipo. Kwa hiyo, wanafunzi mlioko hapa, ninaomba mmoja wenu aende tena, aanzie stendi ya Bariadi au popote penye meza ya fundi, na aandike kinachosemwa kadi inapokataa. Akiniletea nimsimamie, kalamu nyekundu nitaiacha nyumbani.