Diski Isilale Chumba Kimoja na Kompyuta: Kuchagua Hifadhi ya Akiba Tukiwa Lokichoggio



Naanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa karani wa data katika ofisi moja ndogo, kila Ijumaa nilichomeka flashi, nikaburuta kila kilichokuwa kwenye uso wa kompyuta nikakitia humo, kisha nikaenda nyumbani roho imetulia. Siku kompyuta ilipokufa niliitoa flashi mfukoni kwa madaha, mkuu wangu akisimama nyuma ya kiti. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nikinakili njia za mkato, vile vialama vyenye kishale pembeni, ambavyo ndani havina orodha wala barua, vinaonyesha tu mahali faili lilipo. Na mahali penyewe palikuwa ndani ya kompyuta iliyokufa.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue diski gani, nami humuuliza: mara ya mwisho ulirudisha faili kutoka kwenye bekapu, yaani hifadhi ya akiba, lini? Mara nyingi hucheka. Hajawahi.

Hata hivyo swali la diski lina haki ya kujibiwa, na kwetu Lokichoggio, au Loki, jibu lake halifanani na la Nairobi. Diski nyingi za kubeba, zile zenye sahani inayozunguka ndani, hutengenezwa zifanye kazi penye joto la kati ya nyuzi 5 na 35. Hapa nyuzi 35 ni mchana wa kawaida kabisa, tena kivulini. Chini ya bati, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya vumbi, hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo bekapu ifanyike alfajiri, kabla bati halijapata moto, na kazi ikiisha diski ichomolewe. Diski inayoachwa imechomekwa wiki nzima hupigwa na joto, na stima ikirudi kwa kishindo baada ya kukatika, au jenereta ikiyumba, diski na kompyuta huenda pamoja.

SSD, diski isiyo na sahani, haina kinachozunguka, hivyo huvumilia mtikisiko wa gari kuliko diski ya sahani. Wengi huishia hapo wakadhani wamepata suluhisho. Lakini SSD hushika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida, ikiwa imeshachakaa kwa kuandikwa, iweze kukaa bila umeme mwaka 1 katika nyuzi 30. Joto likizidi, muda hupungua. Basi SSD ni nzuri kwa kusafirisha na kwa kazi ya kila wiki. Si ya kufungiwa kabatini miaka mitano. Flashi ni ya njiani tu. Na ile flashi inayouzwa kwa bei ya kutupa ikidai terabaiti 2, ijazeni kwanza, kisha someni kila mlichotia. Nyingi huwa na gigabaiti chache tu ndani. Zikijaa huandika juu ya vya zamani, na majina ya mafaili hubaki yakionekana kama kawaida.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, aliandika kanuni ambayo sasa inafundishwa kila mahali: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae nje ya jengo. Nikiieleza huku huwa sihitaji maneno mengi. Mfugaji wa Turkana hafungi mali yake yote boma moja. Ngamia wako malishoni kule, mbuzi wanaonyonyesha wako nyumbani, na wengine wako kwa rafiki wa mifugo, mbali, ili ukame au wavamizi wakifika hapa wasikute kila kitu. Mtu huyohuyo akiajiriwa ofisini anaweka kompyuta, diski na flashi kwenye droo moja.

Nakala ya nje ikae wapi? Wengi husema wingu, yaani kupakia kwenye intaneti. Tupige hesabu. Terabaiti 1 kwa laini inayopakia megabiti 2 kwa sekunde huchukua siku 46, usiku na mchana, bila kukatika. Gari kutoka hapa hadi Lodwar, zaidi ya kilomita 200, hufika siku hiyohiyo. Mimi nashauri diski mbili zinazopishana: moja iko Lodwar, nyingine iko hapa, na kila gari la ofisi likienda zibadilishane. Kakuma ni karibu zaidi, nayo inafaa. Wingu tuyaachie mafaili madogo yanayobadilika kila siku, kama hesabu na rejista.

Lakini msichanganye kusawazisha na bekapu. Ukifuta faili hapa kwenye folda inayojisawazisha na intaneti, hufutika na kule. Kirusi kikiyafunga mafaili yako ili ulipie, kama WannaCry ya Mei 2017, yaliyofungwa ndiyo yanayopandishwa. Diski iliyochomolewa na kulala Lodwar haiguswi.

Diski inayosafiri ina majina ya wagonjwa na ya wakimbizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Isimbeni kwa nenosiri, na nenosiri lisibandikwe kwenye diski. Nimeshaliona hilo.

La mwisho ni umri wa data. Loki ilikuwa kituo kikuu cha Operation Lifeline Sudan, mpango wa misaada kwa Sudan Kusini, tangu 1989. Mkataba wa amani wa 2005 ulipotiwa saini, mashirika yakaanza kuhamia Juba. Hospitali ya hapa ya Lopiding, iliyofunguliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1987, ilikabidhiwa Wizara ya Afya mwaka 2006. Aliyekatwa mguu pale akiwa kijana bado anabadilisha mguu wa bandia leo, na rekodi yake bado inahitajika. Disketi za enzi zile zilibeba megabaiti 1.44, na sijui ni nani kati yetu mwenye mashine ya kuzisoma. Kwa hiyo kila miaka minne au mitano hamisheni data kwenye chombo kipya kabla cha zamani hakijalalamika, na katika kila makabidhiano diski iandikwe kwenye orodha kwa jina na namba yake, kama gari na jenereta.

Tunakwenda chai sasa. Tukirudi, kila mmoja achomeke bekapu aliyokuja nayo kwenye kompyuta ya jirani yake. Faili la kufunguliwa atalichagua jirani.