Mgongo kwa Mgongo: Safari Fupi Zilizorefushwa Kisii na Nyamira



Mtaalamu mmoja wa mipango miji alipata kutuambia kwamba Kisii isihangaike na utegemezi wa magari. Watu wamekwisha kujazana, alisema, na watu wakijazana magari hupungua yenyewe. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Imani hiyo ina mzizi. Mwaka 1989 Peter Newman na Jeffrey Kenworthy walilinganisha miji 32 ya dunia. Houston, uliotawanyika, ulichoma petroli kupindukia. Hong Kong, ulioshikamana, ulichoma kidogo tu. Kazi nzuri. Ila katika miji hiyo 32 hamna hata mmoja wa Afrika, na walichopima ni mji, si mgongo wa mlima wenye boma kila baada ya migomba michache.

Fungueni juzuu ya pili ya sensa ya 2019. Nakala yangu imechakaa. Wengine husoma riwaya usiku, mimi husoma hiyo. Inashuka hadi kata ndogo: watu, kaya, eneo. Kaunti ya Kisii ina karibu watu 960 kwa kilomita mraba, Nyamira 675 hivi, Kenya nzima 82. Kwa hesabu ya mtaalamu yule, sisi tungekuwa tunatembea tu. Lakini wingi huo umeenea mashambani, kila mtu na kipande chake cha chai au migomba, huku hospitali ya rufaa, benki, ofisi na soko la Daraja Mbili vikiwa vimerundikwa mjini. Ndiyo maana gari la abiria la Probox haliondoki mpaka dereva mwenyewe abanwe mlangoni. Bodaboda nazo ziliongezeka baada ya VAT ya pikipiki kuondolewa 2008.

Barabara zetu hufuata migongo ya milima, hazipendi mito. Mama yangu huimba kwaya katika kanisa lililo mgongo wa pili. Akiwa jikoni analiona. Wakati wa kiangazi hushuka, huvuka kwa mawe, hupanda. Mto ukifura hukodi boda, akazunguka hadi lami, karibu na mjini, ndipo arudi ng'ambo.

Tufanyeje basi? Barabara ya Kisii hadi Keroka ipanuliwe, sawa. Mabasi makubwa yajaribiwe hadi Nyamira, sawa pia. Yote nimeyapima, na bado nabaki na daraja la miguu: moja kwa kila kijito kinachotenganisha watu na shule, zahanati au soko lao. Wahandisi huniuliza magari yatapita wapi. Hayatapita. Upana uwatoshe watu wawili wapishane, mmoja na debe la mahindi kichwani, na kila mwisho pasimamishwe nguzo ya zege katikati, kwa sababu vijana wetu wa boda wakiona uwazi wa futi tatu tayari wameona barabara.