Mwandishi Mkristo na Habari za Kwao: Mada kwa Waandishi wa Kitui na Makueni



Nimeombwa niwatie moyo na kuwapa mawaidha ya kazi. Neno langu kuu ni hili: andikeni mliyoyaona na kuyasikia nyumbani, tena kwa ukweli ambao hata jirani aliyekuwepo hataukana.

1. Tulikotoka

Uandishi wa Kikristo si mgeni Ukambani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba, na mwaka uliofuata Injili ya Marko ikachapwa kwa Kikamba. Mwaka 1895 shirika la kimisionari la Africa Inland Mission lilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni. Biblia nzima ya Kikamba ilitoka 1956.

Kisha yupo mwana wa Mulango, Kitui, Profesa John Mbiti. Wengi humkumbuka kwa kitabu chake African Religions and Philosophy cha 1969. Kabla ya hapo, mwaka 1954, alikuwa ametoa hadithi ya Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake; mwaka 1966 zikachapwa ngano za Wakamba alizozikusanya. Mwaka 2014, akiwa amepita miaka 80, akatoa Agano Jipya alilolitafsiri kutoka Kigiriki moja kwa moja hadi Kikamba. Msomi aliyefundisha Makerere na kuishi Uswisi hakuona haya kuandika lugha ya mama yake. Kwa nini sisi tuone haya?

2. Andika kinachoonekana

Shuhuda zetu nyingi husema hivi: “Nilipita katika magumu, lakini Bwana akanitendea makuu.” Msomaji ataitikia amina, kisha asahau. Sasa sikilizeni hii: “Mvua za Novemba zilikosa. Mbuzi wa mwisho tukamuuza Kathonzweni, na bado karo haikutosha. Jumapili mama akatoa sadaka kama kawaida, mimi nikakasirika.” Hapo kuna soko, kuna msimu, kuna hasira. Mungu akitenda jambo baada ya hapo, msomaji ataona ametenda nini.

3. Usihubiri kila ukurasa

Mahubiri yana mimbari yake. Katika hadithi, mlevi asiokoke ukurasa wa pili kwa sababu tu mwandishi ana haraka ya kumwokoa. Mwache akope, adanganye, mkewe achoke. Na mzee wa kanisa akikosea, usimfiche. Biblia haikumficha Daudi.

4. Linda siri za watu

Jambo uliloambiwa katika maombi au ushauri si mali yako. Omba ruhusa. Wala kubadili jina peke yake hakutoshi: ukiacha duka lake na mguu wake unaochechemea, kijiji kizima kimeshamjua.

5. Kutoka daftari hadi kitabu

Tenga saa yako ya kuandika na uilinde kama saa ya ibada. Ukimaliza, soma kwa sauti mbele ya watu wawili: mmoja muumini, mwingine asiyeingia kanisani. Wanapochoka, hapo pana kasoro. Kisha mlipe mhariri, hata kama ni mwalimu wa Kiswahili wa shule jirani.

Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kunakupa ushahidi siku ya mzozo. Namba ya ISBN huombwa Maktaba ya Taifa. Ukinukuu Biblia kwa wingi, angalia kwanza kurasa za mwanzo: tafsiri nyingi zina wenyewe, na ruhusa huombwa.

Usikope pesa za chama kuchapa maelfu ya nakala. Chapa chache, uza baada ya ibada na kwenye mikutano ya akina mama, kisha rudia kwa faida uliyopata. Wachapishaji kama Uzima na Paulines wana mahitaji yao. Soma vitabu vyao kabla ya kupeleka mswada.

Hitimisho

Katika kila kanisa hapa kuna mzee anayejua nani alitoa kiwanja, nani alipiga matofali, na ugomvi gani ulizuka. Akifa, habari hizo huishia kwenye aya mbili za wasifu wa mazishi. Ndugu zangu, mwezi huu usiishe kabla hamjaketi na mzee mmoja, daftari mkononi. Anzeni na huyo.