Muulizeni mzee mwenyewe

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya wazee wetu wanapofika mbele ya daktari.

Hospitali ya Tosamaganga, ambayo ni ya Jimbo Katoliki la Iringa, hupokea wagonjwa kutoka vijiji vingi vya Wilaya ya Iringa. Mzee wa kijijini huamka alfajiri ili awahi, na baridi ya huku mwezi Juni na Julai kila mtu anaijua. Mara nyingi huletwa na mtu: mwana, mjukuu, au mkamwana.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na ikasisitiza haki yake ya kupata matibabu. Baadaye hospitali nyingi nchini zilitenga dirisha la wazee ili wasipange foleni ndefu. Hayo ni mambo mema. Lakini dirisha humfikisha mzee kwa daktari. Halimhakikishii kwamba akifika atasikilizwa.

Katika hospitali nyingi nchini, hali huwa hivi. Mzee anaingia chumbani na aliyemsindikiza. Mganga anamtazama yule kijana na kumwuliza: "Bibi anasumbuliwa na nini?" Bibi amekaa pale pale, akili zake timamu, lakini anazungumziwa kama mzigo ulioletwa kupimwa.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili si la adabu peke yake. Ni la tiba. Chukueni mfano wa mzee mwenye ugonjwa wa tezi dume. Usiku huamka mara 4 au 5, na mkojo hautoki vizuri. Aliyemleta ni mkamwana. Kwa mila zetu, baba mkwe hawezi kutamka neno kama hilo mbele ya mke wa mwanawe. Basi atasema mgongo unamuuma. Atapewa vidonge vya maumivu, naye atarudi nyumbani na ugonjwa wake vile vile. Daktari hakukosa ujuzi. Alikosa kumwomba mkamwana asubiri nje dakika chache.

Kuna na suala la lugha. Wapo wazee ambao maumivu yao huyaeleza vizuri zaidi kwa Kihehe kuliko kwa Kiswahili. Akitafutwa mhudumu anayeijua lugha hiyo, hapatakuwa na haja ya kumfanya mkwe awe mkalimani wa siri za mkwewe. Na mzee asiyesikia vizuri hahitaji kupigiwa kelele hadi watu wa kwenye benchi nje wajue ugonjwa wake. Huhitaji mtu aketi mbele yake, amtazame usoni, na aseme polepole.

Vivyo hivyo katika dawa. Dawa za presha humezwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa hajisikii vibaya. Maelezo akipewa mjukuu anayerudi mjini kesho yake, nani atamkumbusha bibi? Mweleze yeye, kisha mwombe akurudie kwa maneno yake jinsi atakavyozitumia. Hapo ndipo utakapojua kama ameelewa.

Tena yako maneno yanayopaswa kukomeshwa: "Ah, huo ni uzee tu." Uzee si ugonjwa. Kizunguzungu, kusahau ghafla au miguu kuvimba vina sababu, na sababu hutafutwa kwa vipimo.

Twafahamu kwamba waganga na wauguzi wetu ni wachache na wagonjwa ni wengi. Lakini "shikamoo" haingoji bajeti. Huchukua muda ule ule wa kuita "wewe bibi, pita," na humfungua mzee kinywa.

Nasi tunaowasindikiza tusijifanye wasemaji wao. Tubebe daftari lake na dawa anazotumia, tumsaidie kupanda ngazi, kisha tunyamaze. Akisahau jambo, tumkumbushe kwa heshima. Akitaka kubaki peke yake na daktari, tutoke bila kununa.

Mzee aliyelima, akalea na kusomesha hajapoteza haki ya kuusemea mwili wake mwenyewe. Tumwulize yeye, naye atatueleza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.