MKONO UNAPOTAKA KUVUTA
(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima)

Leo tutajifunza namna mtu anavyofundishwa kurusha ndege.

Ndege ndogo ya kujifunzia ina viti viwili mbele. Mwanafunzi huketi kushoto na mwalimu kulia, na kila mmoja ana usukani wake. Ukivuta usukani, pua ya ndege huinuka. Ukiusukuma, pua hushuka. Ukiuzungusha, ndege hulalia upande mmoja. Miguuni ziko pedali mbili, nazo huisogeza pua kulia au kushoto.

Hayo ni mepesi kukumbuka. Lakini liko jambo moja gumu, nalo limeua marubani wengi.

Labda umepata kupanda lori liendalo mbio, ukanyosha kiganja kwenye upepo. Ukikiinamisha kidogo, upepo hukiinua. Ukikisimamisha wima, hakiinuki tena. Husukumwa nyuma tu. Bawa la ndege ni vivyo hivyo. Pua ikiinuka kupita kiasi, upepo hauliinui tena bawa vya kutosha, na ndege huanza kuanguka, hata kama injini ni nzima.

Kwa hiyo mwalimu humpandisha mwanafunzi juu sana, mbali na ardhi. Humwambia, "Punguza nguvu ya injini. Sasa vuta usukani polepole." Mwendo hupungua. Usukani hulegea. Ndege hutetemeka, kisha pua huanguka yenyewe. Mwanafunzi huiona ardhi mbele yake, na mkono wake wataka kuvuta. Hapo mwalimu husema, "Usivute! Sukuma!" Pua ikishuka, upepo hupita tena vizuri juu ya mabawa, nayo hubeba. Ndipo mwanafunzi huongeza nguvu ya injini, huisawazisha ndege, na kuinua pua taratibu. Hurudia zoezi hili mara nyingi, mpaka mkono uzoee.

Je, yafaa kurudia hivyo? Sikilizeni. Mwaka 2009 ndege ya Air France ilitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Usiku, juu ya bahari ya Atlantiki, barafu iliziba vyombo vya kupimia mwendo, na mtambo wa kuiongoza ndege bila mkono wa mtu ukajizima. Rubani akavuta. Ndege ikapanda, mwendo ukapungua, mabawa yakaacha kubeba. Sauti ya onyo ililia mara nyingi, lakini pua haikushushwa vya kutosha. Watu wote 228 walikufa. Marubani wale hawakuwa wanafunzi. Hofu ilipoingia, mkono ulivuta.

Sasa fungueni madaftari yenu. Jibuni maswali haya:

1. Kwa nini ndege huweza kuanguka hali injini ni nzima?
2. Kwa nini zoezi hili hufanywa juu sana?
3. Rubani afanye nini kwanza pua inapoanguka?

Kisha andikeni sentensi hii, mwisomeane kwa sauti: Ndege ikianza kuanguka, rubani husukuma kwanza, kisha huvuta.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.