Mfungaji wa Netiboli Hapikwi kwa Wingi wa Mitupo
(Mada kwa walimu wa michezo, Karatu na Ngorongoro)



Huku kwetu ni kwa wakimbiaji. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akiongoza mbio tangu mwanzo hadi utepe, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tangu hapo mazoezi tunayapima kwa jasho. Kwenye riadha haina neno. Tatizo linaanza tunapoingia na kipimo hicho kwenye uwanja wa netiboli, tukamwambia binti: "Tupa mia, ndipo uende nyumbani." Leo nitamzungumzia huyo binti peke yake, mfungaji, mwenye herufi GS au GA kifuani. Timu ikipoteza tunamlaumu yeye, na mazoezini ndiye tunayemwachia mpira ajifunze mwenyewe.

Kabla ya mkono wake, tukague goli. Pete inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka ardhini na upana wa sentimita 38, bila ubao nyuma. Shule zetu nyingi zina mlingoti wa mkaratusi na pete ya nondo. Watoto wameining'inia mpaka imeinama mbele, na masika yameupeleka mlingoti upande. Binti akizoea pete hiyo, siku ya mashindano anakuta goli asilolijua. Futi kamba itangulie mpira.

Sasa hesabu kidogo. Mpira namba 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Ukishuka kwa nyuzi 45, uwazi wa pete kwenye njia yake ni kama sentimita 27, kwa hiyo unapita. Ukija bapa, kwa nyuzi 30, uwazi huo unabaki 19, na hapo hauwezi kuingia bila kugonga chuma. Mchoro wa hesabu hii ungefaa sana ubaoni kwenye kipindi cha hisabati; mabinti wakishauona, hutawapigia tena kelele za "juu! juu!".

Mtupo wa juu unaanzia magotini. Mpira ukae juu ya kichwa, mkono wa kufungia ukiwa chini yake na vidole vimetanuka, kiwiko kikielekea goli, kiganja kikimalizia kazi. Mkono wa pili unashika ubavuni tu. Kama una muda wa kurekebisha jambo moja, rekebisha huo wa pili: ukisukuma, mpira unazunguka kiupande na kwenda kando. Utauona kwa urahisi ukisimama nyuma ya mfungaji. Wengi wetu tunasimama chini ya goli, mahali ambapo kosa halionekani.

Turudi kwenye ile mia. Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth walichapisha jaribio la watoto wa miaka minane waliorusha vifuko kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi ya futi 3 pekee. Jingine lilirusha kutoka futi 2 na futi 4. Walipopimwa kwa futi 3, waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuufanyia mazoezi umbali huo. Majaribio ya baadaye hayakuleta jibu hilohilo kila mara, nami simwambii mtu aache kurudiarudia. Binti anayeanza anahitaji kurudia karibu na goli mpaka umbo litulie. Lakini likishatulia, kusimama pahala pamoja na kutupa mia ni kuuchosha mkono. Atupe kumi kutoka sehemu tofauti ndani ya nusu duara la kufungia, ambalo mwisho wake ni mita 4.9 kutoka golini, apumzike akiwaokotea wenzake mipira, kisha arudi. Seti nne zinatosha kwa siku. Umbo likianza kuharibika, simamisha hata kama seti haijaisha.

Kila mtupo uanze kwa kupokea pasi. Kwenye mechi ana sekunde tatu tu, na mlinzi anaruhusiwa kusimama sentimita 90 mbele yake, mikono juu. Binti ambaye hajawahi kuona vidole vya mtu mbele ya pete atababaika, hata kama akiwa peke yake hakosi. Mlinzi wa mazoezini si lazima awe mrefu. Mpeni fagio alinyanyue.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo vitabu vya ukocha havitusaidii sana. Anayetoka joto la Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, akipanda Karatu mwezi Juni anakuta upepo na vidole vimekufa ganzi. Kwa wa Nainokanoka, huko juu Ngorongoro, hiyo ni asubuhi yake ya kawaida. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA ya msingi na UMISSETA ya sekondari, yakiangukia katikati ya mwaka, wapasheni vidole moto kama mnavyopasha misuli ya miguu, na mpira ufutwe vumbi kila unapotoka nje.

Mpeni kila mfungaji daftari. Aandike aliyofunga na, muhimu zaidi, aliyokosa yalikwenda wapi: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Anayekosa upande mmoja kila siku ana kosa moja la kurekebishwa. Anayekosa kila upande arudishwe karibu na goli. Kuwakaripia sawasawa hakumfai hata mmoja wao.

Na kwenye mechi, akikosa mara mbili mfululizo, usimkumbushe kiwiko, magoti na kiganja kwa pamoja. Mpe neno moja mlilokubaliana mazoezini, kisha nyamaza, na wazazi walio pembeni ya uwanja uwaombe nao wanyamaze.