Mtoto Ajifunze Kuishi na Wenzake

Ndugu wazazi, masika yanakwisha na mpunga unaiva katika bonde la Ruvuma. Wengi wetu tunahamia shambani kuamia ndege, na watoto tunakwenda nao. Je, darasa la awali? Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ililifanya kuwa la lazima, angalau mwaka 1.

Tusidhani kule wanacheza tu. Katika mchezo mtoto hujifunza kungoja zamu, kugawana na kuomba radhi. Dunguni peke yake atajifunza na nani?

Basi tusaidiane. Jirani mmoja abaki kijijini na watoto, sisi tumvunie mpunga wake. Wakigombana, tusikimbilie fimbo. Tumwulize kila mmoja: “Mwenzako kaumia wapi?”